Kuchagua jeki ya magurudumu kwa gari la nyumbani ukiwa Tanga

Jeki yangu ya kwanza niliinunua kwa kusoma stika. Stika ilisema tani 2, gari langu ni IST ambalo uzito wake ni tani moja na kidogo, nikaona nimemaliza kazi. Jumamosi asubuhi nikaitoa kwenye kasha lake la plastiki, nikaisukuma chini ya gari uani kwetu Sahare, ambako ukikwangua udongo shubiri moja tu umeshakutana na mchanga wa pwani. Nikapampu, gari likapanda, nikatoa tairi lenye pancha. Nilipoleta la akiba likakataa kuingia, kwa sababu tairi lenye upepo ni kubwa kuliko lililolala. Basi nikarudi kupampu. Safari hii gari halikupanda, jeki ndiyo iliyoshuka. Vile vigurudumu vyake vya chuma vilikuwa vinajichimbia mchangani, na mimi kwa ukaidi nikazidi kupampu. Kikombe, kile kisahani cha juu kinachogusa gari, kikateleza, gari likaanguka, diski ya breki ikazama mchangani. Mkono wangu ulikuwa umetoka pale muda mfupi tu kabla.

Jeki haikuwa mbovu. Nilikuwa nimeanza na tani, na ardhi sikuifikiria kabisa. Mwongozo huu unaanzia nilikopaswa kuanzia.

Kwanza tuelewane ni jeki ipi. Iko ya mkasi, ile inayokuja na gari, unaizungusha kwa chuma. Hiyo ni ya kukunusuru njiani Segera, usiifanyie huduma ya gari. Iko ya chupa, fupi na nene, inayosimama wima. Ina nguvu sana lakini kitako chake ni kidogo, na hata ikishushwa kabisa bado haiingii chini ya gari la chini. Iko ile ndefu ya meno ambayo baadhi ya wazee huiita jeki ya Tanganyika, ya Land Rover na shamba la mkonge. Kwa IST haina kazi. Tunayoizungumzia ni ile inayolala chini, yenye magurudumu manne na mpini mrefu, ambayo unaiona kila gereji.

Hatua ya kwanza: itazame ardhi yako

Mkono wa jeki hii, kile chuma kinachobeba kikombe, haupandi wima. Umeshikwa kwa pini upande wa mpini, kwa hiyo kikombe kinapanda kwa upinde. Fikiria mlingoti wa jahazi unaposimamishwa: ncha inapanda huku inarudi kuelekea shinani. Kikombe nacho kinarudi kuelekea kwako kadiri kinavyopanda. Sasa gari limefungwa breki ya mkono na magurudumu yake yamewekewa kabari, haliwezi kukifuata. Kinachobaki ni jeki yenyewe kujisogeza mbele chini ya gari. Ndiyo maana imewekewa magurudumu. Watu wengi wanadhani magurudumu yale ni ya kuibebea jeki kutoka stoo hadi uani.

Jeki ikizuiwa kusogea, kwa mchanga, kwa kokoto, kwa ufa wa sakafu au kwa kipande cha mbao kilichokaa mbele ya gurudumu, kikombe kitalivuta gari au kitateleza. Kwenye mchanga inakuwa balaa mara mbili, maana vile vigurudumu vyembamba vya chuma vinabeba mamia ya kilo kwenye eneo dogo kama kidole gumba.

Kwa hiyo nenda uani kabla ya kwenda dukani. Kama una sakafu ya zege iliyo sawa, una bahati, ruka hadi kwenye mteremko, mwishoni mwa hatua hii. Kama ni pevingi, angalia kama matofali yake yamekaa imara au yanacheza. Magurudumu ya chuma hunasa kwenye viungo vyake. Kama ni marumaru, usijaribu bila kutandika kitu, itapasuka. Kama ni mchanga au udongo, una njia mbili.

Njia ya bei ndogo ni plaiwudi. Shiti moja ya futi 4 kwa 8, unene wa milimita 18, fundi seremala atakukatia vipande vinne vya futi 2 kwa 4. Vigongelee viwiliviwili. Sasa una mbao mbili nene: moja ya jeki kukimbilia, nyingine ya kukatwa tena kuwa vitako vya stendi, vile vyuma vya kushikilia gari likishainuliwa. Sawazisha mchanga, umwagie maji, uushindilie kwa mguu, ndipo utandike. Jeki nzima iwe juu ya plaiwudi, magurudumu ya mbele na ya nyuma, na ibaki nafasi mbele yake ya kusogea. Ukiweka kipande kidogo chini ya magurudumu ya mbele peke yake umetengeneza ngazi tu, na jeki itaishuka katikati ya kazi.

Njia ya kudumu ni kumwaga zege. Saruji kwetu haitoki mbali, kiwanda kiko Pongwe hapo. Eneo la mita 3 kwa 5, unene wa sentimita 10, ni mita moja na nusu ya ujazo. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 utatumia mifuko 10 hivi ya kilo 50. Shindilia chini kwanza, mwagilia maji zege kwa siku saba, na usipandishe gari mapema. Najua mtu anayetafuta jeki hapendi kuambiwa anunue saruji. Lakini mtu akiniambia ana fedha ya jeki kubwa ya kupendeza na ua wake ni mchanga mtupu, namwambia achukue jeki ya kawaida na hiyo chenji akamwage zege.

Mwisho, mteremko. Nyua nyingi zimeachiwa mteremko ili maji ya masika yatoke. Weka chupa ya maji ilale chini uone inavingirika kwenda wapi. Ikivingirika yenyewe, tafuta sehemu nyingine.

Hatua ya pili: lipime gari lako, na tairi likiwa limelala

Chukua futi ya kupimia. Unatafuta vipimo viwili: chini kabisa jeki inapotakiwa kuingia, na juu kabisa inapotakiwa kufika.

Pale pa kuinulia pembeni mwa gari dogo ni ukingo wa bati mbili zilizochomewa pamoja, unaoning'inia chini ya mlango. Pita nao kwa kidole, karibu na kila gurudumu utakuta pengo mbili ndogo zilizokatwa. Katikati ya pengo hizo ndipo penyewe. Pima kutoka hapo hadi chini. Kwenye gari dogo aghalabu utapata kama sentimita 18 hadi 20.

Hapo wengi wanatosheka. Jeki nyingi ndogo zinaanzia sentimita 13 au 14, kwa hiyo inaingia, mambo safi. Ila siku ya pancha hali si hiyo. Tairi la 185/65 la inchi 15 lina ukuta wa sentimita 12. Likilala kabisa, rimu inakaribia kugusa chini na kona ile ya gari inashuka sentimita 8 hadi 10. Ule ukingo uliopima 19 sasa uko 10. Jeki ya sentimita 13 haiingii, na wewe umelala kifudifudi jua la saa sita unajaribu kuisukuma kwa mguu. Kuna dawa mbili. Moja ni kununua jeki ya chini, yaani inayoanzia sentimita 8 hadi 10. Nyingine ni kuwa na kipande cha mbao cha sentimita 5, chembamba upande mmoja, unaliendesha tairi lililolala hadi juu yake, kona inanyanyuka, jeki inaingia. Mimi natumia hii ya pili. Mbao ya mninga iliyobaki kwenye kitanda cha mtoto.

Sasa kipimo cha juu, ambacho ndicho kinachowaumiza wenye magari marefu. Ukiinua gari kwa pembeni, gurudumu haliachi ardhi mara moja. Springi inanyooka kwanza, gurudumu linaning'inia, na unaweza kupandisha sentimita 10 au zaidi kabla halijatoka chini. Kisha unahitaji nafasi ya tairi lenye upepo kuingia. Kisha stendi, kama unaingia chini. Kwa hesabu ya haraka, chukua ule urefu wa ukingo ukiwa kawaida, jumlisha sentimita 15 kwa kubadili tairi, au 20 hadi 25 kama utaweka stendi.

IST yenye 19 inahitaji jeki inayofika 34 kwa tairi tu. Sasa soma kwenye kasha la zile jeki ndogo za tani 2: nyingi zinaishia sentimita 33 hadi 35. Hii ndiyo sababu tairi langu la akiba lilikataa kuingia siku ile, hata kabla mchanga haujafanya yake. Harrier au RAV4, ambazo ukingo wake unaweza kuwa juu ya 25, haziendi popote na jeki hiyo. Prado na Hilux zinahitaji jeki inayofika 50, na hata hapo utainulia kwenye chesisi au chini ya ekseli, si kwenye bati.

Usimalizie pengo kwa kuweka tofali juu ya kikombe. Nimeona mtu ameweka gogo la mwembe juu ya kikombe, na juu ya gogo kitabu. Sijui kitabu kilikuwa cha kusaidia nini.

Hatua ya tatu: tani

Hapa pafupi. Jeki haibebi gari zima, inabeba upande mmoja au ncha moja. Gari lenye injini mbele na gia mbele linaweka kama asilimia 60 ya uzito wake mbele. Kwa gari la kilo 1,050 hiyo ni kilo 630 hivi. Tani 2 ni zaidi ya mara tatu yake. Kwa hiyo Vitz, Passo, IST, Spacio, Premio na Kirikuu isiyo na mzigo, tani 2 inatosha. Noah, Alphard, Harrier na X-Trail, chukua 2.5 au 3. Prado, Hilux na Hardtop, tani 3.

Jambo moja la kukumbuka: jeki zilizotengenezewa soko la Marekani hutaja tani ya kule, ambayo ni kilo 907. Tani 3 zao ni kilo 2,722. Haitakuumiza kama hukujibana kwenye hesabu, na hupaswi kujibana.

Kwa gari dogo, sababu ya kununua jeki ya tani 3 siyo nguvu. Ni kwamba kwa kawaida fremu yake ni ndefu na pana, magurudumu yake ni mapana, inapanda juu zaidi na haitikisiki. Mimi sasa ninayo ya tani 3 na gari ni lile lile.

Hatua ya nne: umbile na uzito

Iinue kwa mikono. Zile ndogo za kwenye kasha zina kilo 8 hadi 10. Jeki ya chuma ya tani 3 yenye fremu ndefu huwa na kilo 30 au zaidi. Uzito ule ni chuma, na chuma kile ndicho kinachozuia fremu isijipinde. Ukiona jeki imeandikwa tani 3 na unaibeba kwa vidole viwili, irudishe ilipotoka.

Ziko za alumini, nyepesi, nzuri kwa mgongo. Mtu akiwa Korogwe au Lushoto simkatazi. Kwa aliye Raskazone, Sahare au Mwambani, nasita. Alumini na bolti za chuma zikigusana kwenye hewa ya chumvi, alumini inaliwa palepale zinapokutana, unga mweupe unatoka, na bolti inaganda. Chuma kina kutu yake lakini kutu ya chuma unaiona na unaipaka rangi.

Mpini mrefu una faida mbili. Unakuongezea nguvu, na unakuweka mbali na gari. Mpini wa sentimita 40 unakulazimisha kupiga magoti, kichwa kikiwa karibu na mlango, na kila ukipampu unagonga bodi. Angalia pia kama mpini una sponji au raba pale utakapogusa bampa.

Ziko jeki zenye pistoni mbili za pampu. Zinapaa haraka hadi kikombe kigusane na gari, halafu ndipo zinaanza kazi polepole. Ni raha, si lazima.

Hatua ya tano: dukani

Ukienda kwenye maduka ya spea kule Ngamiani, nenda na gari lako, futi ya kupimia na kitambaa cheupe. Nenda asubuhi, muuzaji akiwa hajachoka na maswali. Mwombe kwa adabu uijaribu. Akikukatalia, shukuru na uende barabara inayofuata, ndiyo maana zimepewa namba.

Igeuze kwanza, tazama palipochomewa. Mshono wa kuchomea uwe umeendelea bila vishimo na uwe umeshika pande zote mbili. Palipopakwa rangi nene kwa mabonge, papitishe kucha. Zungusha kikombe, kinapaswa kuzunguka chenyewe, kwa sababu ndicho kinachofuata pembe ya gari wakati jeki inasogea. Sukuma jeki sakafuni: magurudumu ya nyuma yageuke kila upande bila kukwama.

Funga vali kwa kuzungusha mpini kuelekea kulia, kisha pampu bila mzigo. Mkono uanze kupanda tangu pampu ya kwanza au ya pili. Ukipampu mara tano hewani ndipo unaanza kusogea, ndani kuna upepo au mafuta yamepungua. Hiyo peke yake si kosa la kuikataa, maana safari ya meli na lori huiyumbisha. Fungua vali, pampu mara kumi hadi kumi na tano ili upepo utoke, funga, jaribu tena. Ikirudia hali ileile, iache.

Kisha ujaribu kwa mzigo, na hapa ndipo jeki inaposema kweli. Inua kona ya gari lako kwenye sakafu ngumu, gurudumu litoke chini kidogo tu, mtu yeyote asiwe chini. Pima kutoka ukingo wa gari hadi sakafuni. Ongea na muuzaji, uliza habari za nyumbani, kunywa kahawa ya kashata ikipita. Baada ya dakika 10 pima tena. Kipimo kikiwa kilekile, sili zake, zile pete za mpira zinazozuia mafuta, ni nzima. Ikishuka hata milimita tano, mafuta yanapita mahali ambapo hayapaswi kupita. Futa bomba la pistoni kwa kile kitambaa cheupe: ukungu mwembamba wa mafuta ni sawa, tone si sawa.

Sasa shusha. Zungusha mpini kushoto taratibu, robo mzunguko. Jeki nzuri inakutii, unaisimamisha katikati ukitaka. Mbovu ni ya kukaa au kuanguka, haina katikati. Hii ndiyo ningeikataa haraka kuliko ile inayovuja, kwa sababu sili unabadilisha lakini vali iliyotengenezwa vibaya utaishi nayo.

Uliza kama kuna sili zake za kubadilisha. Jibu la «ikiharibika unanunua nyingine» linakuambia umri wake.

Za mtumba, hasa zile nzito zilizotoka Japani pamoja na vyuma vingine, zinaweza kuwa bora kuliko mpya za kasha. Sharti lake ni pistoni. Pandisha mkono hadi mwisho, utazame ule mhimili unaong'aa. Ukikuta vidoa vya kutu vilivyoshajichimba, ukipitisha ukucha unakwama, achana nayo. Kila pampu, vidoa vile vinaikata sili kama msasa.

Hatua ya sita: stendi, siku ileile

Jeki ni ya kuinua. Kushikilia ni kazi ya stendi. Hata jeki iliyofaulu jaribio la dakika 10 inasimama juu ya pete nyembamba ya mpira, na pete ile haikupi taarifa kabla ya kukatika.

Kama fedha haitoshi kwa vyote viwili, punguza ukubwa wa jeki, ununue stendi mbili. Silegezi hapo. Anayenunua jeki leo na kusema stendi mwezi ujao, ndani ya mwezi huohuo ataingia chini kukaza nati moja tu.

Stendi ziko za meno, ambazo unavuta shina na linajifunga kwenye jino, na ziko za pini, unapitisha chuma kwenye tundu. Za meno ni za haraka, nazo zikitengenezwa vizuri hazina tatizo. Lakini mwaka 2020 kule Marekani kampuni ya Harbor Freight ililazimika kuita stendi zake za tani 3 na tani 6 zirudishwe, kwa sababu meno yalikuwa yanaweza kuachia mzigo. Miezi michache baadaye ikaita tena baadhi ya zile ilizokuwa imeleta madukani badala yake, safari hii kwa kasoro ya kuchomea. Kama hilo linatokea huko, mimi huku nachagua za pini, au za meno zenye pini ya pili ya usalama. Kwa kila ya meno unayonunua, pandisha shina, lifunge, kisha ligonge kutoka juu kwa kiganja, lisiruke.

Matofali ya bloku hayabebi gari. Yanabeba ukuta kwa sababu uzito wa ukuta umeenea. Ncha ya gari inabonyeza mahali pamoja, na tofali linapasuka bila kutoa sauti ya kukuonya. Gogo la mbao ngumu, lililokatwa sawa, ni afadhali mara mia, lakini stendi ni stendi.

Hatua ya saba: kuinua kwa mara ya kwanza

Weka gari kwenye gia ya P au gia ya kwanza, vuta breki ya mkono, zima, toa ufunguo utie mfukoni. Weka kabari pande zote mbili za gurudumu lililo mkabala na unaloinua, kwa kona. Kumbuka breki ya mkono kwenye magari mengi inashika magurudumu ya nyuma tu. Ukiinua magurudumu yote mawili ya nyuma, breki hiyo haina msaada wowote na kabari za mbele ndizo zinazokulinda.

Legeza nati za gurudumu nusu mzunguko wakati tairi bado liko chini.

Sogeza jeki ikiwa imenyooka, kikombe chini ya zile pengo mbili. Ukingo ule wa bati unajipinda ukikutana na chuma kitupu, kwa hiyo tafuta raba yenye mfereji katikati, ukingo uingie mferejini. Unaweza kuitengeneza mwenyewe kwa kukata kipande cha raba nene kwa msumeno. Kwa ncha ya mbele, kuna chuma kinachokatiza chini ya injini. Kitabu cha gari kinakionesha kwa picha. Vitabu vya magari yetu vingi ni vya Kijapani, ila picha hazina lugha, fungua ukurasa wenye mchoro wa jeki. Usiweke kikombe chini ya sampo ya oili wala ya gia boksi. Ni bati jembamba lenye mafuta ndani, na siku utakayolibonyeza utajua bei yake.

Pampu. Kila pampu tano simama, utazame vitu viwili: jeki inasogea mbele, na kikombe kimekaa palepale. Jeki isiposogea, shusha, tafuta kinachoizuia. Mimi siku ile ningetazama mara moja tu ningeona.

Likifika juu, weka stendi chini ya sehemu ngumu, shusha gari taratibu hadi likalie stendi. Iache jeki ikigusa gari kama mlinzi wa pili. Sukuma gari kwa bega, kwa nguvu za kweli, kabla ya kuingiza mkono. Kama litaanguka, lianguke sasa. Tairi ulilolitoa lilaze chini ya ukingo wa gari. Likitokea la kutokea, gari litalikalia lile kabla ya kukukalia wewe. Watoto na kuku watoke uani. Kuku hasa, huku kwetu wanapenda kivuli cha gari.

Hatua ya nane: chumvi

Adui wa jeki Tanga ni hewa. Upepo wa bahari unaleta chumvi hadi ndani ya stoo, chumvi inavuta unyevu, na ule mhimili unaong'aa wa pistoni unaanza vidoa. Ukimaliza kazi, shusha mkono hadi chini kabisa ili pistoni yote iingie ndani kwenye mafuta yake. Jeki inayohifadhiwa ikiwa imepanda nusu imejitolea kwa kutu.

Kila baada ya miezi mitatu, na lazima kabla ya masika, futa mchanga, paka grisi kwenye pini ya mkono, ekseli za magurudumu na mashavu ya magurudumu yanayogeuka. Kama kuna nipo, yaani kichuchu cha kuingizia grisi, pampu grisi hadi ya zamani itoke. Rangi iliyobanduka piga msasa, paka tena.

Mafuta yake ni ya haidroliki, ya jeki, namba 22 au 32. Ongeza mkono ukiwa chini kabisa, hadi usawa wa tundu la kifuniko, usizidishe. Oili ya injini ni nzito kwake. Fluidi ya breki ndiyo sumu: jina lake linadanganya kwa sababu nayo ni ya haidroliki, lakini inavimbisha na kulainisha sili za jeki, na ndani ya wiki chache una jeki inayoshuka usingizini. Nimeona jeki mbili nzuri zikifa hivyo, zote zikiwa zimewekewa na watu waliotaka kusaidia.

Na ile plaiwudi, ikishatumika isimamishe wima, ukingo wake ukiwa juu ya mawe mawili. Ukiilaza chini wakati wa masika, mchwa watakuwa wameimaliza kabla hujapata pancha nyingine.